Njaa ya Mwalimu Winfrida

Watu wa mtaa wa Kasingirima waliposikia kwamba Mwalimu Winfrida amekwenda Dar es Salaam kukatwa tumbo ili apungue mwili, walicheka kwanza, halafu wakanyamaza. Walicheka kwa kuwa habari yenyewe ilikuwa ngeni kwao: mtu akatwe tumbo lisilomuuma, tena kwa hiari yake! Wakanyamaza kwa kuwa walikuwa wamemwona akienda kazini. Toka kwake hadi shule ya msingi aliyokuwa akifundisha hapakuwa mbali, lakini njiani alipumzika kwenye benchi la fundi cherehani, akapumzika tena kwenye kizingiti cha duka, na akifika darasani alifundisha ameketi. Magoti yalikuwa yamekwisha. Sukari ilimwandama, presha ilimwandama, na akilala pumzi zilikuwa zikikatika, hata mumewe Elikana akawa halali. Alikuwa akimsikiliza tu, na pumzi zikikatika anamtikisa.

Kaka yake Feliksi, mwenye kazi nzuri mgodini Geita, ndiye aliyegharamia. "Nina dada mmoja tu," alisema, "simwachi afe huku namwangalia." Basi Winfrida akaenda, akakatwa, akarudi. Wakati huo alikuwa na miaka arobaini na kitu, na mtoto mmoja, Happiness, aliyekuwa akisoma bweni Kasulu.

Aliyekatwa hivyo hubaki na tumbo jembamba kama ndizi. Vijiko vichache vikishuka limejaa. Akiongeza, kifua kinambana au anatapika. Hospitali walimfundisha ale polepole, aanze na samaki au maharage, asinywe maji katikati ya chakula, aachane na vitu vya sukari, maana vikiingia vingi kwa mpigo humwangusha mtu. Winfrida, mtu wa kufuata maelekezo, aliyafuata yote. Mwili ukapungua mwezi hadi mwezi. Sukari ikashuka. Akawa anapita kwa fundi cherehani bila kusimama, anamsalimia huku anakwenda. Elikana, ambaye ni fundi wa injini za boti kule Kibirizi, ufukweni mwa ziwa, akaanza kupata usingizi wa kweli, na asubuhi ukamsikia anaimba akinawa uso.

Lakini kuna mtu mmoja ambaye hakufurahi, naye ni mama mzazi wa Winfrida.

Bibi Dorotea aliishi Kidahwe, kwenye barabara ya kwenda Kasulu, na shamba lake la mihogo na michikichi. Winfrida alizaliwa kabla ya siku zake, mtoto wa kutosha kiganjani, hana hata nguvu ya kunyonya. Wanawake wa jirani walimshauri asimzoee sana. Dorotea hakuwasikiliza. Alimkamulia maziwa kwenye kijiko tone kwa tone, akamfunga kifuani pake kutwa kucha, baadaye akamlisha uji, akamlisha ndizi za kuponda, akalisha na kulisha mpaka mtoto akatoka mashavu. Siku alipompeleka kubatizwa, mtoto mnono amemlalia begani, Dorotea alipita katikati ya wanawake walewale polepole, makusudi kabisa. Tangu siku hiyo, kila alipomtazama mwanawe, ule unene ndio aliouona kuwa ushindi wake.

Mtu kama huyo utamwambiaje kwamba mwanawe sasa anakula vijiko vichache tu?

"Daktari ndiye aliyesema hivyo, Mama," Winfrida alimweleza.

"Huyo daktari ndiye aliyekulea?"

Na watu wa Kidahwe nao hawakumsaidia. Kwetu mtu akinenepa huambiwa amependeza. Akikonda hutazamwa tu. Winfrida alipokwenda kumsalimia mama yake, nguo zikimpwaya, watu walimpa pole kwa sauti ya chini. Kisimani wakamwuliza Dorotea, "Mwanao anasumbuliwa na nini?", wakimaanisha ule ugonjwa ambao hawakutaka kuutaja. Dorotea alijitwika ndoo yake, akarudi nyumbani na hasira, na hasira yake akaimalizia palepale alipozoea kumalizia kila jambo, yaani jikoni.

Kila Jumamosi alipika, akajaza hotpoti, akaifunga kwa kanga, akamkabidhi dereva wa gari linaloshuka kutoka Kasulu. Mara samaki wa ziwani, mgebuka, kwa mawese na ugali wa muhogo, mara ndizi na maharage. Winfrida aliipokea stendi, akaifungua nyumbani, na harufu ya jiko la mama yake ikamjaa puani. Alikula vijiko vyake, akashiba, akabaki anaitazama. Afanyeje? Kumwambia mama asilete tena, hakuwa na ulimi huo. Kutupa chakula ni laana. Akawa anakipeleka kwa jirani yake Shadia, mama Yasmini, ambaye nyumba yake haikuwa na upungufu wa watoto. Jioni akapiga simu: "Mama, nimekula, nimemaliza chote." Na kule Kidahwe bibi akasema, "Ehe! Sasa utapona."

Mwaka ukapita hivyo, mmoja akipika na mwingine akidanganya, na wote wawili kwa mapenzi.

Jumamosi moja Dorotea alishamkabidhi dereva hotpoti yake, na baadaye kidogo akapata lifti ya mtu aliyekuwa akija mjini. Akaona, kwa nini asimfuate mwanawe, amwone anavyokula? Alifika Kasingirima akakuta mlango wa Winfrida umefungwa, lakini akaisikia sauti yake uani kwa jirani. Akazunguka nyuma ya nyumba. Winfrida alikuwa ameinama juu ya hotpoti na upawa mkononi, watoto wa Shadia wamemzunguka na sahani zao.

"Kuleni, kuleni mmalize," alikuwa akisema, huku anacheka. "Bibi nitamwambia nimekula mwenyewe."

Nyuma yake ikasikika hodi.

Watoto peke yao ndio waliojua la kufanya, wakasema shikamoo. Dorotea aliwaitikia marahaba, mmoja mmoja, akavuta kigoda akakaa, akawangoja wamalize kula. Kisha akaichukua hotpoti, akaiosha bombani, akaifuta vizuri. Winfrida alikuwa bado amesimama na upawa wake.

"Mama, ngoja nikueleze."

"Wameshiba," alisema Dorotea. "Ni vizuri. Mtoto akishiba ni vizuri."

Alikataa chai. Alikataa kusindikizwa na Winfrida. Shadia ndiye aliyembebea kikapu hadi stendi, kwa kuwa Shadia hakuomba ruhusa. Alikishika tu, akatangulia.

Jumamosi iliyofuata hotpoti haikuja. Winfrida alipopiga simu, mama yake alisema gari lilipita mapema. Wiki ya pili akasema mihogo haijakauka. Winfrida akapanga kwamba shule zikifungwa ataenda kukaa naye siku kadhaa, amweleze taratibu, amwonyeshe hata makovu. Shule hazijafungwa, simu ikapigwa. Dorotea alikuwa ameanguka shambani, jembe mkononi. Walipomfikisha zahanati, alikuwa ameshakata roho.

Msibani, Winfrida hakulia. Watu waliliona hilo, wakalisema pembeni. Tangu alipopokea ile simu, kichwani mwake lilikuwa likizunguka neno moja la wahenga: msiba wa kujitakia hauna kilio. Aliona hana haki ya kumlilia mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemvunja moyo. Shangazi zake walipika kwa masufuria ya marehemu, kwa mawese ya marehemu, na waliposogeza sahani mbele yake, alikula. Alikula yote. Shangazi mmoja akafuta machozi, akasema, "Laiti mama yako angekuona!" Winfrida akaomba nyingine. Alikula akisukuma kwa maji, kinyume na kila alichofundishwa, mpaka kifua kikakaza, akaenda nyuma ya migomba akatapika, akarudi kukaa mkekani, akaendelea. Elikana alimwona toka upande wa wanaume.

Aliporudi Kasingirima alikuwa ameshagundua jambo ambalo heri angebaki bila kulijua. Tumbo dogo hukataa ugali, lakini kuna vitu hupita bila kuulizwa. Biskuti zikilowekwa kwenye chai hupita. Maziwa ya kopo, yale mazito ya sukari, hupita. Soda iliyotoka gesi hupita. Na mtu akila kidogokidogo, toka asubuhi mpaka anapopanda kitandani, hata hilo tumbo dogo halina mwisho. Akaficha biskuti kwenye kabati la chaki, akaficha kwenye pipa la mchele, akaficha kwenye mkoba wa kanisani. Mwenyewe alijua kwamba haikuwa njaa. Njaa aliijua tangu utotoni, nayo hukaa tumboni. Hii ilimshika kooni, palepale panapokaba mtu anapotaka kulia, na kitu kitamu kikipita hapo, palilegea kidogo. Halafu pakakaza tena.

Mwili ukaanza kurudi, na watu wakafurahi! "Mwalimu, sasa umepona!" walimwambia ofisini kwa walimu. "Umenawiri! Wenzio tulishaanza kuogopa." Alikuwa anazama, nao wakampigia makofi wakidhani anaogelea. Akawaambia ahsante, akaenda kabatini.

Huko Dar es Salaam kulikuwa na nesi aitwaye Asnath, kazi yake kuwafuatilia waliofanyiwa ule upasuaji. Alipiga simu. Winfrida akaiacha iite. Akapiga tena mwezi uliofuata, na mwingine. Winfrida alikuwa akiigeuza simu kifudifudi mezani, asilione jina.

Aliyegundua ni Elikana, siku alipotaka kupika mwenyewe akaingiza kopo ndani ya pipa la mchele. Elikana si mtu wa maneno makali, lakini hofu humsemesha mtu asichokusudia. Alizipanga zile pakiti mezani.

"Mama Happy, hii ni nini? Feliksi atoe jasho lake, wewe ulitupe ziwani?"

"Basi litupwe," alisema Winfrida. "Na mimi nitupwe nalo."

Hawakusemeshana siku nyingi, ila yale ya lazima. Wiki hizohizo pumzi zake zikaanza kukatika tena usingizini, na Elikana akarudia kazi yake ya zamani ya kusikiliza gizani.

Ikawa Ijumaa moja, kabla ya mapumziko, mwanafunzi wa darasa lake akaja mezani kuomba ruhusa. Bibi yake aliyemlea amefariki, na gari la kwenda msibani linaondoka mchana. Winfrida alimruhusu, akampa pole, akamtazama mpaka alipopotea getini. Kengele ilipolia alikwenda dukani nyuma ya shule, akanywa soda mbili kwa kufululiza, akachovya maandazi kwenye ya tatu. Aliporudi darasani, jasho lilianza kumtoka. Moyo ukamwenda mbio, mikono ikatetemeka, maandishi ubaoni yakashuka upande. Akaushika ukuta, akateleza nao, akakaa sakafuni mbele ya watoto waliokaa wakiwa wameshika kalamu zao.

Walimu wenzake walimpeleka nyumbani kwa bajaji. Elikana alikuwa majini akijaribu injini, simu haipatikani. Aliyempokea ni Shadia. Alimlaza mkekani, akamfuta uso kwa kitambaa chenye maji, akakaa kitako pembeni yake. Baada ya muda jasho lilikauka.

"Mama Yasmini," alisema Winfrida, "siku ile ulipomsindikiza mama. Alisema nini njiani?"

Hakuwahi kuuliza, na Shadia hakuwahi kusema. Alitamani aambiwe kwamba mama alicheka, kwamba alisema watoto wale wana hamu nzuri ya kula, kwamba alisamehe. Shadia alikunjakunja pembe ya mtandio wake kwa muda mrefu.

"Ningeweza kukudanganya," alisema. "Lakini katika jambo hili tumeshadanganya vya kutosha, mimi na wewe. Alilia, Mwalimu. Alilia toka hapa hadi stendi. Neno alilosema ni moja tu. Alisema, 'Nilidhani ninamponya.'"

"Basi?"

"Basi. Gari likaja, akapanda."

Winfrida aligeukia ukutani. Shadia alidhani amelala, kisha akaona mgongo unatikisika. Ndipo kilipotoka kile kilio, kilio cha mtu aliyepata habari ya kifo saa hiyohiyo, kwa sauti yote, akimwita mama yake kwa Kiha, "Mawe! Mawe!", mpaka majirani wakakimbilia mlangoni wakidhani kuna aliyefariki.

"Ni msiba wa mama yake," Shadia aliwaambia. "Leo ndiyo umemfikia."

Wakavua viatu, wakaingia, wakakaa naye. Hakuna aliyeuliza zaidi. Elikana alipofika jioni, suruali imelowa hadi magotini, aliwakuta bado wamekaa, na mkewe amelala kwenye paja la Shadia, macho yamevimba, amechoka kama mtu aliyelima siku nzima.

"Lile neno la ziwani," alimwambia baadaye, wageni walipokwisha kuondoka. "Nalifuta."

"Ulisema kweli."

"Hata kama. Nalifuta."

Kilio hakikumponya. Ungekuwa uongo kusema hivyo. Biskuti alizila tena wiki ileile. Lakini Asnath alipopiga simu mwezi ule, Winfrida aliipokea. Alikuwa amejiandaa kuulizwa kilo.

"Nimeharibu, Sista," alitangulia kusema. "Nusu ya mwili niliopunguza imerudi."

"Nyumbani kuna nini, Mwalimu?" aliuliza Asnath. "Kimetokea nini?"

Winfrida akamweleza, toka hotpoti ya kwanza hadi soda ya tatu.

"Sisi tulikata tumbo," alisema Asnath. "Huzuni tunaiacha palepale ilipo, na mara nyingi tunasahau kumwambia mgonjwa hivyo. Wengi wanateleza, Mwalimu. Sikupigii kukugombeza. Nataka ufanye mambo machache. Ule ukiwa umekaa, chakula kikiwa kwenye sahani, hata kama ni biskuti. Usijinyime kesho yake kwa kujiadhibu, maana hapo ndipo unapoangukia pabaya zaidi. Na ukiteleza, mwambie mtu siku hiyohiyo. Una mtu?"

Winfrida alimtazama Elikana, aliyekuwa akijifanya anatafuta kitu chini ya kitanda.

"Ninaye," alisema.

Shule zilipofungwa walipanda treni, yeye na Elikana, wakaenda Dar es Salaam. Madaktari walisema tumbo halijaharibika, ila sukari imepanda tena, na dawa alizokuwa ameziacha akazirudia. Akakaa na mshauri mmoja, mama wa makamo asiye na haraka, ambaye alimwuliza kuhusu bibi Dorotea: alikuwa anacheka vipi, alikuwa anapenda nini. Winfrida alishangaa kuona ana mengi ya kusema, na kwamba aliyokuwa akiyakumbuka miezi yote ile ni ya siku moja tu.

Safari ya mwili kurudi chini ilikuwa ya kusuasua. Kuna miezi mwili ulipungua, kuna miezi uligoma. Krismasi ilimshinda. Ilipofika misa ya kumbukumbu ya mama yake, alikwenda Kidahwe, akaketi na shangazi zake, akachukua samaki kipande na maharage kidogo, akala polepole, akashiba, akasema ahsante, na shangazi walipomshikilia aongeze akawaambia wazi, "Nimekatwa tumbo, shangazi. Mama nilishindwa kumwelewesha. Ninyi nawaeleza." Mmoja wao akaiondoa sahani bila kinyongo. Siku nzima ilikwenda vizuri. Lakini akiwa ndani ya gari la kurudi, migomba ya Kidahwe ikibaki nyuma, mkono wake uliingia mkobani ukatoa pakiti ya biskuti aliyokuwa ameinunua bila hata kujiambia, naye akaila yote, machozi yakimtoka, abiria wa pembeni akitazama dirishani kwa heshima.

Alifika nyumbani, hata viatu hajavua.

"Baba Happy, nimekula pakiti nzima ndani ya gari."

"Pole," alisema Elikana.

"Usinipe pole. Nimekula mwenyewe."

"Nimesikia. Pole."

Mpaka leo mwili wake haujarudi pale chini ulipofika mara ya kwanza, na huenda usirudi. Anameza dawa za sukari. Anafundisha amesimama. Kwa mama yake hakuna tena la kurekebisha, naye ameacha kulitafuta. Saa yake mbaya ni ile ya kutoka shuleni, nyumba tupu na birika limekaa jikoni. Kwa hiyo hapiti nyumbani. Anapanda bajaji hadi Kibirizi, anakaa juu ya kreti tupu karibu na Elikana, huku boti za kwenda Mwamgongo zikipakia magunia na wanawake wakiingia majini na viatu mkononi.

"Njaa ipo leo?" Elikana alimwuliza juzi, bila kuinua kichwa toka kwenye injini.

"Ipo."

"Ya tumbo au ile nyingine?"

"Ile nyingine. Nimemkumbuka sana leo, tangu asubuhi."

Elikana aliweka spana chini, akajifuta grisi, akaja kukaa mchangani karibu na kreti. Boti ikawashwa, ikageuza pua kaskazini, ikaenda ikiwa ndogo, na Winfrida akalia kidogo, bila sauti, kama alivyozoea sasa. Kisha akasimama, akakung'uta mchanga kwenye sketi.

"Nyumbani kuna maharage," alisema. "Twende tukayaunge kabla giza halijaingia."